Asante yenye jina

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha sauti ya mtangazaji)

Nawasalimu nyote mlioko Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, Kakuma, Lusenda, na popote pengine ambapo redio moja inasikilizwa na nyumba tano.

Tumeingia katika siku za Noeli, au Krismasi kama wengine mnavyoiita. Huku Kigoma mvua zinanyesha, njia zina tope, na jioni ukipita kati ya nyumba unasikia kwaya zikifanya mazoezi hadi giza linaingia. Kwa kawaida saa hii nawaletea habari za chanjo, za usajili na za shule. Leo nimeomba nafasi niongee nanyi kama mwenzenu, juu ya neno moja dogo tu: asante.

Nimelichagua neno hili kwa sababu kwetu sisi wakimbizi ni zito. Tunaambiwa sana tushukuru. Ukisema bomba halijatoa maji siku mbili, kuna atakayekujibu: shukuru, angalau uko hai. Ukisema paa linavuja, unajibiwa: shukuru, wenzako hawana hata turubai. Mara nyingi anayejibu hivyo ni mkimbizi mwenzako. Miaka inapita, na asante inakuwa kama kidole unachoweka kwenye karatasi ya mgao. Unaweka, unapita, anafuata mwingine.

Basi nauliza: je, mtu anaweza kushukuru kwa moyo wake wote huku akijua kwamba maisha yake hayako sawa? Mimi naamini anaweza. Ila asante hiyo inahitaji mambo mawili. Iwe na jina la mtu, na isiwe na woga ndani yake.

Tuanze na jina. Ukisema "asante kwa yote", umetoa salamu nzuri, lakini hakuna aliyeguswa. Ukimwambia jirani, "Mama, asante kwa siku ile nilipokuwa na malaria ukanishikia foleni ya maji na kuniletea madumu yangu mlangoni," hapo umemwambia kwamba ulimwona. Mtu anayeishi kambini anahesabiwa mara nyingi sana. Kuonekana ni jambo jingine.

Mimi niliingia Tanzania mwaka 1996, mwaka uleule kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa. Nilikuwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo sikumbuki lolote, nimesimuliwa. Tulivuka Ziwa Tanganyika usiku kutoka upande wa Fizi. Tuliposhuka, nguo zote zilikuwa zimelowa. Mwanamke mmoja wa kijiji kile cha pwani ya ziwa alimpa mama kanga kavu, akampikia uji, akakaa naye karibu na moto hadi asubuhi. Kulipokucha gari likaja, watu wakapakiwa haraka, na mama akaondoka bila kulijua jina la yule mwanamke.

Hadi leo, kila sikukuu, kabla ya mtu yeyote kunawa mikono, mama anawataja watu wa kuombewa. Anataja babu na bibi, anataja waliobaki Kongo, halafu anasema: "Na yule mama wa uji." Watoto wangu wanamjua mama wa uji kama wanavyomjua shangazi yao. Wanajua kwamba kuna mtu ambaye hakuwa na wajibu wowote kwetu, na alitupikia. Na mimi kila nikimsikia mama nasema moyoni: heri ningelijua jina lake.

Ndiyo maana nakuambia, wewe ambaye bado una nafasi ya kulijua jina, uliza. Yule mwalimu wa kujitolea anayefundisha watoto themanini kwa posho ndogo, anaitwa nani? Yule muuguzi aliyekaa na mkeo usiku wa kujifungua, ulimwuliza jina? Yule mzee Mtanzania anayekuuzia mihogo na kuongeza mmoja bila kuombwa, unamjua?

Sasa tuje kwenye woga. Habari ya Noeli yenyewe inatusaidia hapa, hata kwa msikilizaji ambaye si Mkristo. Tumezoea kuisimulia hadi pale mtoto anapozaliwa. Lakini Injili ya Mathayo, katika sura ya 2, inaendelea. Yusufu anaambiwa ndotoni kwamba mfalme Herode anamtafuta mtoto ili amwue. Anaamka usiku uleule, anamchukua mtoto na mama yake, wanakimbilia Misri. Familia ile iliishi ukimbizini hadi Herode alipokufa.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, sura ile haimtaji Mmisri hata mmoja. Ni lazima kuna mtu aliyewaonyesha kisima, na mwingine aliyewapa pa kulala. Nao ni akina mama wa uji. Majina yao yamepotea. La pili, wakati wa kurudi ulipofika, Yusufu alisikia kwamba Arkelao, mwana wa Herode, anatawala Uyahudi mahali pa baba yake. Akaogopa kwenda huko. Akaelekea Galilaya, akakaa Nazareti. Aliuliza kwanza nani anatawala, ndipo akachagua njia.

Hakuna anayemwita Yusufu mtovu wa shukrani kwa sababu aliondoka Misri. Wala hakuna anayemwita mwoga kwa sababu alichunguza kabla ya kufika. Ndugu yangu, kurudi nyumbani ni uamuzi wa hiari. Ukiamua kurudi, hujawatukana waliokupokea. Ukiuliza maswali kabla ya kuamua, hujawatukana pia.

Ni hivyohivyo kwa chakula. Mgao kamili hupangwa umpe kila mtu kilokalori 2,100 kwa siku. Lakini Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, linategemea michango ya hiari ya serikali, kampuni na watu binafsi. Michango ikipungua, unga unapungua. Mwaka 2023 mgao katika kambi za Tanzania ulishushwa hadi nusu. Mama anayepima unga kwa kikombe anaijua hesabu hiyo bila kalamu. Anajua ni siku gani ya mwezi atakapoanza kujidai hana njaa ili watoto wale.

Mama huyo aseme nini? Aseme: "Asante kwa hii nusu. Na hii nusu haitoshi." Maneno hayo mawili yanaweza kutoka katika kinywa kimoja bila kugombana. La kwanza ni kweli, kwa sababu kuna watu wa mbali waliotoa fedha zao bila kutujua. La pili nalo ni kweli, kwa sababu tumbo la mtoto halidanganyi. Asante inayokulazimisha ufiche ukweli huo ni woga uliovaa nguo ya sikukuu.

Na sikilizeni hili kwa makini, hasa akina mama na wasichana. Msaada ni bure. Mtu yeyote, awe mfanyakazi wa shirika, kiongozi wetu au mlinzi, akikudai pesa au akiutaka mwili wako ili akuandike jina au akupe kilicho haki yako, usimshukuru. Hakukufanyia wema. Mwambie mtu unayemwamini, nenda kwenye dawati la malalamiko, piga namba iliyobandikwa kwenye kituo cha mgao au kwenye zahanati. Huna deni lolote kwa mtu wa namna hiyo, na aibu si yako.

Kuna jambo jingine linalotusumbua siku hizi za Noeli, nalo ni watoto. Mtoto wa jirani ametumiwa fedha na mjomba wake aliye ng'ambo, amevaa viatu vipya. Wako anakutazama. Najua uchungu wake, maana nina watoto. Lakini tusiuze unga wa mwezi mzima kwa ajili ya viatu vya siku moja. Tusiweke kadi ya mgao rehani kwa mchuuzi. Sikukuu inapita tarehe 26, na Januari ni ndefu. Mwambie mtoto ukweli kwa upole: mwaka huu hakuna nguo mpya. Kisha mpe kitu kisichonunuliwa. Mfundishe wimbo wa kwenu. Msimulie jinsi Noeli ilivyokuwa kijijini, jinsi ndagala walivyoanikwa ufukweni na sombe ilivyotwangwa tangu asubuhi. Mpe kazi ya kuipeleka sahani.

Sahani hiyo mnaijua. Hata kama ni bugali na maharage, kidogo kinafunikwa, na mtoto anatumwa: peleka kwa fulani, useme mama anakusalimu. Jirani Mwislamu aliyekuletea sahani wakati wa Idi, mpelekee yako. Na wala si wote tunaosherehekea tarehe 25 Desemba. Ndugu zetu wa Kanisa la Kimbangu wana Noeli yao tarehe 25 Mei. Kule Kakuma, Waethiopia wa Kanisa la Othodoksi wanasherehekea tarehe 7 Januari. Kwa hiyo sahani inaweza kuzunguka karibu mwaka mzima.

Nasema hivi kwa sababu nimegundua kwamba mtu anayepokea tu huchoka kushukuru. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Kakuma tangu mwaka 1992. Siku ya tatu ilipita zamani. Uganda, wengi wenu mlipewa kipande cha ardhi, hata kama ni kidogo. Kwingine jembe halijafika, na watu wenye nguvu wanakaa mlangoni wakisubiri tarehe ya mgao. Kuitamani kazi si kukosa shukrani. Anayeomba jembe anaomba nafasi ya kumpikia mtu uji na yeye.

Hata bila jembe, kuna kazi za mikono ambazo hakuna anayetukataza. Mvua hii inachimba mfereji wa maji machafu karibu na nyumba ya bibi mjane. Vijana wanne na majembe mawili ya kuazima wanaweza kuugeuza kwa saa moja. Huo ndio wimbo wa Noeli ambao bibi atausikia hata usiku wa mvua.

Sasa niseme na wewe ambaye mwaka huu huna hamu ya kusema asante. Labda umezika mtu. Labda hujui kama waliobaki wako hai, na kila simu ikilia moyo unaruka. Sitakuambia ushukuru. Katika lugha yetu kuna neno lingine linalotangulia asante, nalo ni pole. Kwanza pole. Asante itakuja kwa wakati wake, na isipokuja mwaka huu hakuna atakayekudai. Na sisi majirani, tusimpelekee mfiwa mahubiri juu ya baraka zake. Tumpelekee kiti, tukae naye.

Basi, nina ombi moja kwa kila nyumba inayonisikia. Kabla ya tarehe 31 Desemba, chagueni watu watatu. Mmoja awe mkimbizi mwenzenu. Mmoja awe mwenyeji wa nchi inayotuhifadhi. Mmoja awe mtu wa humo humo ndani ya nyumba, kwa sababu wale tunaolala nao chini ya paa moja ndio tunaowasahau kwanza. Nendeni mkawaambie kwa midomo yenu, mkitaja jina na mkitaja jambo. "Papa fulani, mwezi wa tano ulitengeneza mlango wetu na ukakataa pesa. Hatujasahau." Basi. Haihitaji zawadi, wala hotuba ndefu.

Baba, mwambie mke wako. Najua wengi wetu hatukulelewa hivyo. Jaribu tu. Atacheka, atauliza unaumwa nini. Mwache acheke.

Katika maisha ya kambini karibu kila kitu kinapimwa na mtu mwingine: unga, mafuta, sabuni, hata ruhusa ya kutoka getini. Asante hatupimiwi na mtu. Ni mali yetu wenyewe. Tunaweza kumpa anayestahili, na tunaweza kumnyima anayetaka kuinunua kwa vitisho. Tuitunze hivyo.

Kwa leo naishia hapa. Wiki ijayo tutarudi kwenye usajili wa watoto waliozaliwa mwaka huu, kwa hiyo wazazi, wekeni karatasi za zahanati mahali pasipovuja. Nawatakia Noeli njema, na ninyi msioisherehekea nawatakia siku za amani. Kwaherini.

(Muziki wa kufungia kipindi)