Joto na Kelele za Kompyuta Mpakato Iliyofanywa Seva

Ndugu makatibu na watunza hesabu wa vyama vya msingi vya ushirika,

Tumekuja Bariadi kuzungumzia mashine mliyoipa kazi isiyoundwa kwayo. Sababu yenu tunaielewa: umeme ukikatika, betri ya kompyuta mpakato huendelea kuhudumia, na orodha ya wakulima haipotei wakati pamba ingali mizanini. Hata hivyo, mashine hiyo iliundwa ifunguliwe asubuhi na kufungwa jioni, si kukesha kabatini msimu mzima.

Kelele ndizo zinazowaudhi, nasi tuanze nazo. Feni huvuma kwa sababu joto halina pa kutokea. Vumbi na nyuzi za pamba hutanda mbele ya matundu ya hewa, na prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikaribiapo nyuzi 100 za Selsiasi. Ndipo foleni ya wakulima hurefuka. Kuzima feni ili ofisi itulie ni kumziba mdomo anayewaonya.

Itoeni kabatini. Inueni upande wa nyuma kwa vipande viwili vya mbao, na kifuniko kiwe wazi. Katika mipangilio ya umeme, shusheni kasi ya juu ya prosesa: kutunza kumbukumbu hakuhitaji nguvu zote hizo, na utulivu mtausikia siku hiyo hiyo. Vumbi lipulizwe mashine ikiwa imezimwa, feni ikishikiliwa isizunguke. Mkwaruzo si mvumo. Feni inayokwaruza imechakaa, ibadilishwe.

Tunalolihofia zaidi ni betri. Betri ya lithiamu inayokaa imejaa usiku na mchana penye joto huchakaa upesi, na yaweza kuvimba hata kushika moto. Mkiona sehemu ya kugusia imeinuka, au kifuniko hakifungi sawasawa, zimeni mashine na kuchomoa waya. Msiibonyeze betri wala kuitoboa, bali mwiteni fundi. Mashine ikiruhusu, wekeni ukomo wa chaji wa asilimia 80. Nakala ya kumbukumbu za wakulima nayo ikae kwenye diski nyingine, nje ya ofisi hiyo.

Mnaponunua iliyotumika, msilipe kabla ya kuifanyisha kazi nzito kwa nusu saa, sikio likiwa karibu. Daini risiti yenye namba ya mashine na muda wa dhamana ulioandikwa. Muuzaji akisema feni zote ndivyo zinavyolia, mwombeni awashe ya pili, mlinganishe.