Kwa Nini Mungu Huruhusu Taabu kwa Watu Wake

Hotuba kwa Wakristu na Walimu wa Sigino, Babati



Ndugu zetu katika imani, nanyi walimu mliopewa kazi ya kuwafundisha watoto na wakatekumeni, katika siku za Jubilei ni desturi yetu kuhesabu neema. Twataja kwamba Mbulu ilifanywa Prefektura mwaka wa 1943, kisha Jimbo kamili mwaka wa 1953, twawakumbuka mapadre, masista na makatekista waliotutangulia, twamshukuru Mungu. Ni haki kufanya hivyo. Lakini mkulima atajaye mavuno tu, asitaje mwaka wa ukame, hakusimulia habari yote ya shamba lake. Kwa hiyo tumeona yafaa leo kusema juu ya swali ambalo watu wetu huliuliza kwa sauti ndogo, penye msiba na penye kitanda cha mgonjwa: ikiwa Mungu ni Baba, nasi tu watoto wake, kwa nini huacha taabu itufikie?

Kwanza tujue ya kuwa kuuliza hivi si dhambi. Ayubu aliuliza, wala Mungu hakumtupa. Zaburi nyingi ni vilio vya watu waliochoka kungoja. Tena Bwana wetu mwenyewe, akiwa msalabani, alimlilia Baba yake na kumwuliza kwa nini amemwacha. Basi mwalimu asimkemee mtu aulizaye akilia. Huenda kilio chake ndiyo sala pekee aliyobakiwa nayo.

Twakumbuka yaliyowapata jirani zetu wa Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, siku ambayo Kanisa laanza kumngoja Mwokozi. Mlima Hanang, wenye urefu upitao mita 3,400, ulikuwa umelowa kwa mvua nyingi. Asubuhi ile sehemu ya ubavu wake ilimomonyoka. Tope, mawe na magogo yakateremka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa, wazee na watoto wachanga, wenye kusali na wasiosali. Nyumba nyingi zilibomolewa, na watu wengi wakabaki na nguo walizovaa tu.

Baada ya msiba ule tulisikia maneno ya namna mbili. Wengine walisema, Ni adhabu. Bila shaka watu wale walimkosea Mungu. Wengine walinong'ona kwamba pana mkono wa mtu, tena yafaa kumtafuta mganga. Maneno hayo yote mawili huwaumiza wafiwa mara ya pili. Mama aliyemzika mwanawe huambiwa ama ya kwamba mwanawe alistahili kufa, ama ya kwamba jirani yake ndiye aliyemwua.

Bwana wetu alikwisha kulijibu neno hili. Watu walipozungumza naye juu ya misiba, yeye mwenyewe aliwakumbusha mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Akakana kabisa kwamba wale 18 walikuwa wakosaji kupita wenyeji wengine wa Yeruzalemu. Akawaambia wasikilizaji wake watubu, kila mtu dhambi zake. Tena wanafunzi walipomwuliza habari za mtu aliyezaliwa kipofu, kama alikosa yeye au wazazi wake, alikataa majibu yote mawili. Basi ikiwa Mwana wa Mungu hakutaka kufanya mateso ya mtu kuwa ushahidi wa dhambi zake, sisi ni nani hata tuketi katika kiti cha hakimu?

Je, twaweza kusema nini? Twaweza kusema kidogo, na hicho kidogo tukiseme kwa unyenyekevu. Mungu aliiumba dunia yenye taratibu zake. Mvua ile ile ioteshayo mahindi yetu ndiyo iliyoulegeza udongo wa mlima. Mungu hakuiumba dunia ambayo mvua humchagua mwenye kubatizwa na kumpita mwenzake; Yezu mwenyewe alifundisha ya kuwa mvua huwanyeshea wema na waovu.

Tena kuna taabu zitokazo katika matendo ya watu. Mnakumbuka mwaka wa 2017, Serikali ya India ilipoweka kikomo cha mbaazi ziingiazo katika nchi yake. Bei ilianguka sana hapa kwetu Babati, hata wengine waliona gharama ya kuvuna yapita fedha ya kuuza. Walikuwapo waliopalilia kwa bidii, waliotoa zaka, waliosali kila jioni pamoja na watoto wao, na karo ya shule ikakosekana. Mungu hakuiandika sheria ile. Aliwaacha watu na hiari yao, na hiari ya mtu mmoja yaweza kumwumiza mtu mwingine aliye mbali, asiyemjua hata kwa jina. Lakini pasipo hiari hapana mapendo.

Iko na taabu ya tatu, ile imjiayo mtu kwa sababu ya imani yenyewe. Habari za Mashahidi wa Uganda mnazijua. Mwezi wa Mei 1886, Karoli Lwanga alipoona kwamba Kabaka Mwanga amekwisha kukasirika, aliwabatiza vijana wanne waliokuwa bado wakatekumeni, na mmoja wao ni Kizito, aliyekuwa mtoto wa miaka kama 14. Tarehe 3 Juni walichomwa moto huko Namugongo. Angalieni, walimu: Kizito alibatizwa hatari ikiwa mlangoni. Hakuna aliyemwahidi ya kwamba maji yale yatamwokoa na moto. Ubatizo si hirizi. Tukiwafundisha watoto kwamba mwenye kusali hapatwi na jambo, twawaandalia siku ya kuanguka; maana siku hiyo itakuja, nao watadhani ama Mungu ni mwongo, ama wao wametupwa.

Ubatizo watuunganisha na Kristu, naye hakuikwepa taabu. Alilia penye kaburi la rafiki yake. Alisikia njaa, alisalitiwa, alipigwa, alikufa. Hakutueleza sababu ya kila teso. Aliingia ndani yake pamoja nasi, na siku ya tatu akatoka kaburini akiwa hai. Hilo ndilo jibu alilotupa Mungu, na juu yake tumejenga tumaini letu. Kwa nini alimruhusu huyu afe na yule apone, hatujui, wala tusijifanye kujua.

Lakini wajibu wetu twaujua. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku 7 wasiseme neno, na siku zile walifanya vema. Walikosa walipofumbua vinywa na kuanza kumhukumu. Basi twendapo penye msiba, tukae. Tuteke maji, tukate kuni, tupike uji wa watoto, tulinde mifugo ya mfiwa. Baada ya maafa ya Hanang walikuja watu wa dini zote na wa makabila yote, wakachimbua tope, wakaleta unga, mablanketi na nguo. Na baadaye nyumba mpya zikajengwa kwa ajili ya waliopoteza zao. Aliyeuliza siku ile, Mungu yuko wapi? huenda alianza kujibiwa na mikono iliyompokea.

Mnajua jinsi tupandavyo mahindi na mbaazi pamoja. Mahindi huvunwa kwanza, na mbaazi hubaki shambani peke yake, jua likiwaka na nchi ikikauka. Mpita njia aweza kudhani kwamba imesahauliwa. Kumbe mizizi yake imeshuka chini sana kwenye unyevu, nayo huzaa wakati wa kiangazi. Hatusemi ya kuwa kila taabu itazaa mbele ya macho yetu. Mengine tutayaona mbinguni tu. Twasema kwamba mwenye kubaki shambani wakati wa kiangazi hakusahauliwa na Mwenye shamba.

Tuwaombee marehemu wetu wote, wa Hanang na wa nyumba zetu. Na yule ambaye leo hawezi kusali kwa uchungu, tusali kwa niaba yake mpaka atakapoweza tena. Amina.