Kifafa Nyumbani Mwetu
(Hotuba ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imetupa nafasi katika sherehe hii ya tarehe 20 Juni tuseme juu ya ugonjwa ulio nyumbani mwetu. Mtoto wetu wa tatu ana miaka mitano. Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili malaria ilimpanda kichwani. Malaria ilipona, kifafa kikabaki. Siku nyingine huanguka mara moja, siku nyingine mara nne. Majirani ni mashahidi.

Wako wasemao ni pepo, au laana tuliyovuka nayo ziwa. Hawako peke yao. Hapa hapa Tanzania, kule Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakuta wagonjwa wengi wana makovu ya moto, kwa kuwa aliyeangukia jikoni watu waliogopa kumgusa. Ndugu zetu, mate ya mwenye kifafa hayaambukizi. Ni umeme wa ubongo unaochafuka kwa muda. Huweza kuletwa na malaria ya ubongo, homa ya uti wa mgongo, kuumia wakati wa kuzaliwa, hata tegu wa nguruwe.

Nyumbani tumejifunza mengi kwa lazima. Mafiga tumeyazungushia ukuta wa udongo unaofika kiunoni. Mtoto haendi bombani peke yake. Usiku tunapokezana: mama hukesha hadi saa nane, baba hadi alfajiri, na dada yake mkubwa hutupumzisha Jumamosi, kwani Jumapili hana shule. Siku ya mgao mmoja wetu hubaki, hata kama gunia ni zito. Tena tuna daftari la mistari, lile lile la shule, tunaandika tarehe, saa na dakika alizoanguka. Mganga wa zahanati hulisoma kabla ya kubadili kipimo cha dawa. Mzazi asiyejua kuandika na achore vijiti, vijiti vinatosha.

Dawa yake ni fenobabitoni, ya bei ndogo, iliyojulikana kwa kazi hii tangu 1912. Humfanya asinzie, na walimu wajue kwamba huo si uvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hadi wagonjwa 70 katika 100 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa vema. Wetu bado huanguka, lakini zamani ilikuwa mara kumi kwa siku.

Hapo tuna neno kwa ndugu wa mashirika. Dawa hii haiachwi ghafla. Ikikatika, mgonjwa anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka, na hilo huua. Mwaka jana ilikatika siku tisa. Siku ya tano mtoto alitetemeka muda mrefu kuliko tulivyowahi kuandika, tukambeba mgongoni hadi hospitali usiku wa mvua. Hatuombi dawa mpya za gharama. Tunaomba tuambiwe mapema vidonge vinapokaribia kwisha, si asubuhi tunapofika dirishani.

Kwenu majirani: akianguka, ondoeni moto na mawe karibu naye, mwekeeni nguo chini ya kichwa, mlazeni ubavu. Msimtie kijiko mdomoni, msimmwagie maji, msimkandamize. Tazameni saa, zikipita dakika tano, mpelekeni hospitali. Juzi kijana mmoja muuza mkaa alifanya yote hayo peke yake njiani, kisha akakaa chini akamshika mkono mpaka tulipofika. Mama yake mtoto alilia kuliko siku aliyoanguka mara ya kwanza.

Muhula ujao ataanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu amekubali. Wazazi wawili wamekuja kuomba watoto wao wasikae naye dawati moja, nasi tumewakaribisha waje nyumbani wamwone. Mmoja amekuja, akanywa chai. Mwingine tunamngoja.

Wazazi wengine wenye watoto wa namna hii, tukutane Jumatatu saa tisa alasiri katika darasa la tatu. Kila mmoja aje na daftari.