NGAZI YA VIJANA: IPANDWE KWA KASI GANI?

(Hotuba waliyosomewa vijana wa chama, Horohoro)



Nimetakiwa niseme machache juu ya jambo linalozua maneno katika matawi yetu, huku Horohoro na huko visiwani: kijana apandishwe cheo upesi, au akawizwe? Wako wasemao haraka haraka haina baraka. Na wako wajibuo ngojangoja huumiza matumbo. Mimi naona pande zote mbili zinapima kwa saa jambo lipasalo kupimwa kwa mizani.

Sisi tuliopita chuoni twaujua utaratibu. Mtoto huanza na herufi, kisha irabu, kisha juzuu ya Amma, iliyo ya mwisho katika juzuu 30, kwa kuwa sura zake ni fupi. Maalimu haulizi umri wa mtoto wala jina la babake, humsikiliza. Akisoma sawa hupewa somo jipya, akikosea hurudia. Ndiyo maana mdogo aweza kuhitimu kabla ya kakake, wala hapana anung'unikaye, kwani wote wamesikia. Tena aliyetangulia hukabidhiwa wadogo awasomeshe.

Skauti nao, walioko kwetu na ng'ambo ya mpaka, wana desturi iliyo karibu na hiyo. Mwanzilishi wao, Baden-Powell, aliyefariki Kenya mwaka 1941, aliandika katika kanuni zake za mwaka 1908 kwamba mwanagenzi aweza kuingia daraja la pili baada ya mwezi 1 wa utumishi, akifaulu majaribio. Lakini daraja la kwanza lilikuwa na masharti mazito: kwenda maili 7 na kurudi, kwa miguu au kwa mashua, na kuieleza safari kwa maandishi, kuwa na akiba benki, na kuleta mwanagenzi aliyemfunza mwenyewe. Hapandi mtu ila amemvuta mwenzake.

Natutazame kwetu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano humruhusu kijana kupiga kura kwa miaka 18, na kugombea ubunge kwa miaka 21. Aliyejiunga nasi na miaka 18 ana miaka 3 tu kabla sheria haijamfungulia mlango wa Bunge. Ikiwa miaka hiyo tumemtumia kubandika picha na kupanga viti, siku ya uteuzi atasimama mbele ya watu mikono mitupu. Na tukimpa cheo kwa ajili ya ukoo wake, au kwa ukubwa wa sauti yake mkutanoni, washindani wetu watamwangusha kwa swali moja.

Basi shauri langu ni hili. Kila cheo kiwe na kazi yake ijulikanayo, na kazi hiyo ikaguliwe hadharani. Katibu wa tawi aonyeshe daftari la ada na kumbukumbu za vikao. Duka lisilo daftari halikosi kufilisika, na chama ni hivyo hivyo. Atakaye kwenda wilayani alete vijana aliowafunza, nao waulizwe. Aliyeweza kwa miezi 6 asizuiliwe kwa kuwa ndevu hazijaota. Asiyeweza kwa miaka 6 asipandishwe kwa kuwa amechoka kungoja.

Nasi tuliokwisha kuota mvi tuwapishe vijana kiti chao, tukae ubavuni tuwasikilize wasomavyo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam.