Kijana Akishaacha Unga

Msikilizaji, kijana aliyeacha unga mtihani wake huanza jioni, maskani inapochangamka na wenzake wa zamani wakampigia mluzi. Hapo nasaha za mzazi hazifui dafu. Anayemfaa ni rika lake aliyewahi kuugua arosto, yale maumivu ya kukosa dawa za kulevya, atakayemwambia, "Twende uwanjani kaka, hamu hiyo itapita." Ndivyo zinavyoendeshwa nyumba za upataji nafuu, Zanzibar na Bara: walioacha huongoza vikao, kila mtu husema lake, hachekwi. Ila arosto ikiwa kali ni kazi ya daktari, rafiki asijaribu. Nawe mzazi, mwanao akiurudia unga usimfukuze. Kwa msaada, mlioko Tanzania Bara pigeni 119 bila malipo, namba ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.