Rangi Mpya Haifanyi Meli Mpya



Starehe ziko za aina nyingi. Wapo watu wa mpira, wapo wa muziki wa dansi, wapo wa kahawa na bao. Na wapo wengine ambao starehe yao ni kukaa kando ya maji na kutazama vyombo vikipita. Hawasafiri, hawavui, wala hawana mzigo wanaoungoja. Wanatazama tu. Katika nchi za wenzetu watu hawa wana vyama vyao, na kila meli wanayoiona huiandika katika daftari. Mimi nami nina ugonjwa huo, ila sina chama wala daftari. Ukinikosa nyumbani Jumapili jioni, nitafute Magogoni.

Sasa, chombo kinachowafurahisha watazamaji hawa kuliko vyote si kile kipya kinachong'aa. Ni kile kilichogeuzwa: kilizaliwa kwa kazi hii, leo kinafanya kazi ile. Mjini Amsterdam, Uholanzi, matishali ya zamani ya mizigo yamegeuzwa nyumba za kuishi, yana mapazia na vyungu vya maua madirishani. Mtu anaamka asubuhi, anapiga mswaki juu ya maji.

Usidhani mambo haya ni ya wenzetu peke yao. Tembea pwani yetu ukiwa na macho, utaona tanga lililoshonwa kwa viroba vya unga, upepo ukilijaza unasoma "kilo 50". Utaona jahazi lililobeba boriti na chokaa miaka mingi, leo limewekewa mito na vivuli, linabeba watalii kwenda kutazama jua likizama. Na jahazi lililochoka kabisa, mbao zake huchongwa meza na makabati. Meza ya namna hiyo haiwezi kuzama tena, labda nyumba ipate mafuriko.

Hata ngalawa, tunayoiona kitu cha kawaida, ni mtumbwi ulioongezewa kitu. Chukua mtumbwi wa gogo la mwembe. Ni mwembamba. Usimamishie mlingoti na tanga, upepo wa kwanza unaupindua. Ufungie mirengu huku na huku, sasa unaweza kubeba tanga na kwenda mbali. Angalia jambo moja hapo: kabla ya kusimamisha kitu juu, fundi ameongeza kitu cha kukizuia pale chini, kwenye maji. Neno hilo naomba ulihifadhi, tutalihitaji mbele ya safari.

Ukitaka kisa kikubwa zaidi, twende Kigoma, kwa bibi kizee Liemba. Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 mjini Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam kwa bahari na kwenda Kigoma kwa reli. Huko ikaunganishwa upya na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ilikusudiwa kubeba abiria na mizigo, lakini vita ikaifanya manowari, ikafungwa mizinga. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka mkononi, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza, kwa matumaini kwamba siku moja watarudi kuiopoa.

Hawakurudi. Wabelgiji waliiopoa, ikazama tena. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa majini, wakakuta grisi ile imefanya kazi yake na mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1970 ikatolewa injini za mvuke na kuwekewa za dizeli. Mwaka 1997 ilirudisha kwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ikawachukua wakimbizi wa Burundi waliokwama kijijini Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Hesabu mwenyewe: meli ya abiria, manowari, chuma cha chini ya ziwa, meli ya abiria tena, mwokozi wa wakimbizi. Jina limebadilika, bendera zimebadilika, injini zimebadilika. Lakini haikuhama. Iliundwa kwa ajili ya Ziwa Tanganyika, na kazi yake yote imefanyika Ziwa Tanganyika.

Kisa kingine kinatoka Lamu, Kenya. Huko fundi Ali Skanda na wenzake waliunda jahazi lisilo na ubao wa mti. Walichukua tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa ufukweni na mitaani, wakaiyeyusha na kuimimina iwe mkuku, mataruma na mbao, kisha ubavuni wakalivika kandambili chakavu zipatazo 30,000, nyekundu, bluu na njano. Likaitwa Flipflopi. Lilizinduliwa Septemba 2018, na mapema mwaka 2019 likatweka tanga kutoka Lamu hadi Zanzibar, mwendo wa kilometa 500 hivi. Watu walicheka, kisha wakanyamaza, maana lilifika. Na lilifika kwa sababu kilichobadilika ni malighafi tu. Umbo ni lile lile ambalo mafundi wa Lamu walirithi kwa baba zao, na bahari ni ile ile ambayo umbo hilo lilichongwa kuikabili.

Mpaka hapo, ndugu msikilizaji, starehe yangu ni tamu. Lakini kuna vyombo vingine ambavyo nikivikumbuka utamu unakatika.

Mwaka 1989 iliundwa nchini Marekani boti iliyoitwa Skagit. Ilikuwa ya abiria wa miguu, haibebi magari. Ilifanya kazi katika maji ya Puget Sound, jirani na mji wa Seattle, na maji hayo yamekingwa na nchi kavu na visiwa, mawimbi ya bahari kuu hayayafikii kwa nguvu zake. Kwa kazi hiyo ilikuwa boti nzuri. Mwaka 2011 ikauzwa, ikaletwa kwetu kupita kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Tarehe 18 Julai 2012, msimu wa kusi, ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Uwezo wake ulikuwa abiria 250 hivi, na siku hiyo ilikuwa na watu wapatao 290. Zaidi ya watu 100 walikufa au hawakuonekana tena.

Liemba ilibadilishwa karibu kila kitu, maji yakabaki yale yale. Skagit ilibaki vile vile, kilichobadilishwa ni bahari. Mtazamaji wa vyombo akiiona gatini angefurahi na kusema, tazameni, boti ya Seattle imefika Malindi! Lakini kuna swali lililotakiwa kutangulia furaha hiyo: boti hii imefanyiwa nini, hata iwe boti ya Malindi?

Miezi kumi kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilikuwa zamu ya Spice Islander. Meli hiyo iliundwa Ugiriki mwaka 1967, na kabla ya kufika kwetu ilikuwa imekwisha badilisha majina na wenyewe. Ilikuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kubeba watu 600 na ushei, ikapakia zaidi ya 2,000, na mizigo juu yake. Tume iliyochunguza ajali hiyo ilihesabu zaidi ya watu 1,500 waliokufa au kupotea. Nyumba ngapi za Pemba zilifunga mlango usiku ule zikingoja mtu, na mpaka leo hajafika!

Sasa lirudie lile neno la ngalawa nililokuomba ulihifadhi. Chombo husimama wima kwa sababu uzito wake uko chini. Ukiongeza sitaha nyingine, ukaweka viti juu ya paa, ukaruhusu watu wapande huko kupunga upepo, umeupandisha uzito. Tunalijua jambo hili kwa basi la shamba lililojaza matenga kwenye keria. Barabara ikinyooka linakwenda vizuri. Kwenye kona ndipo utakapojua. Baharini kona haikungoji mbele, inakuja yenyewe, nayo ni wimbi. Mvuvi asiyejua kusoma anajua kwamba tanga linadai mirengu. Inakuwaje mwenye meli, mwenye ofisi na kiyoyozi, asahau?

Wala si kwamba dunia haijui dawa. Mwaka 1876, baada ya kelele nyingi za mbunge mmoja aliyeitwa Samuel Plimsoll, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotaka meli zichorwe alama ubavuni ya kuonyesha mwisho wa kupakia. Alama hiyo ipo hadi leo katika meli nyingi kubwa. Ni duara lenye mstari unaopita katikati, na kando yake kuna mistari midogo kama ngazi, kila mmoja na herufi yake. Mstari mmoja ni wa bahari ya joto kama yetu, mwingine wa majira ya baridi, mwingine wa maji matamu ya mito na maziwa. Maana yake ni nini? Meli ni ile ile, chuma ni kile kile, lakini ikihama kutoka maji haya kwenda maji yale, ruhusa yake ya kupakia inabadilika. Kama kuhama bahari kunabadilisha hata mstari wa rangi, iweje tununue chombo cha ghuba tulivu, tukipake rangi, tukibandike jina la kuvutia, kesho yake tukikatie watu tiketi wakati wa kusi?

Simzuii mtu kununua chombo kilichotumika. Nchi zetu hazina uwezo wa kuunda kila kitu kipya, na Liemba ni ushahidi kwamba chuma kilichotunzwa kinaweza kuwahudumia wajukuu. Ninachosema ni kwamba kukigeuza chombo ni kazi ya chelezo, na kazi hiyo haimalizwi kwa brashi. Kwa hiyo kila chombo kigeni kinapotia nanga kwetu, kiulizwe maswali matatu. Kiliundwa kwa maji gani? Kiliundwa kwa mzigo gani? Na hapa gatini, nani anahesabu watu, na akifika mwisho wa hesabu ana ubavu wa kusema basi, hata kama anayeomba nafasi ni mkubwa?

Swali la tatu linatuhusu mimi na wewe. Tukiambiwa boti imejaa, huwa tunatafuta mtu tunayemjua. Tunapenyeza noti, tunapita mlango wa mizigo, tunasema nitasimama tu, safari yenyewe fupi. Mwenye meli ana makosa yake na mkaguzi ana yake, lakini yule abiria wa 601 naye alipanda kwa miguu yake. Na kila anayepanda aandikwe jina, mpaka mtoto aliye mgongoni. Mtu asiyeandikwa akipotea, hata kumtafuta ni taabu.

Waswahili husema, chombo cha kuzama hakina usukani. Husemwa kwa huzuni, kama kwamba yote ni majaliwa. Mimi, kwa miaka yangu ya kukaa kando ya maji, naona vyombo vingi vya namna hii vilizamia gatini, kamba zikiwa bado zimefungwa, siku vilipopakiwa kupita kiasi na mtu mwenye kalamu akatazama pembeni. Baharini palikamilika tu.