Mto ukifurika, mashindano ya mitumbwi yaahirishwe



Mashindano ya mitumbwi ni jambo jema. Yanaitukuza kazi ya wavuvi, yanajenga afya ya vijana na kuwakutanisha wananchi. Lakini kamati zetu hutumia vikao vingi kujadili zawadi, ngoma na mgeni rasmi, na swali kubwa kupita yote huachwa hadi asubuhi ya siku yenyewe: je, mto unapitika? Napenda kulizungumzia swali hilo, kwa kuwa wengi wetu hapa ndio makatibu na wajumbe wa kamati hizo.

Tuchukue mfano wa Mto Rufiji. Mto huu huanzia pale Kilombero inapokutana na Luwegu, kisha hupokea maji ya Ruaha Mkuu kabla ya kushuka hadi baharini. Kwa hiyo mvua iliyonyesha katika Nyanda za Juu za Kusini yaweza kumfikia mpiga kafi wa Utete siku kadhaa baadaye, hali mbingu ya Utete ni nyeupe. Aidha, tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, hali ya mto huko chini hutegemea pia maji yanayofunguliwa bwawani. Mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti yalituonyesha sote jinsi maji yale yanavyoweza kuenea. Kamati inayotazama mawingu ya kijijini kwake tu haijautazama mto.

Dalili za hatari zinafahamika. Kwanza, kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Na mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Pili, mto unaojaa huzoa magogo yaliyolala kingoni. Mti ulioanguka majini huyaacha maji yapite kati ya matawi yake, lakini mtu humnasa. Tatu, kingo zikifunikwa, aliyepinduka hana pa kushika wala pa kutokea. Na ikiwa mashua ya uokoaji yenyewe haiwezi kuhimili mkondo, mshindani hana msaada wowote.

Katika Mto Thames, Uingereza, ambako mashindano ya kutoka Devizes hadi Westminster yalianza mwaka 1948, mkondo ukiwa mkali watunza mto hutundika vibao vyekundu kuwashauri wenye vyombo wasisafiri. Vibao hivyo havingoji kikao. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Wavuvi wazee wanaoujua mto waulizwe mapema, nguzo isimamishwe, na alama nyekundu ipakwe. Iandikwe katika kumbukumbu za kamati kwamba maji yakifika hapo hakuna mashindano. Achaguliwe mtu mmoja wa kutoa uamuzi, na mkubwa yeyote asiwe na uwezo wa kuutengua. Vilevile tarehe ya pili itangazwe pamoja na ile ya kwanza, ili kuahirisha kusionekane kuwa ni aibu.

Ndugu zangu, uamuzi unaofanywa wakati ngoma zinalia na mgeni rasmi amekwisha kuketi haufanywi kwa akili tulivu. Wapo watakaosema kuwa ajali haina kinga. Msemo huo ni wa kumfariji aliyefikwa, haukutungwa kumtetea mzembe. Wahenga hao hao walituachia pia tahadhari kabla ya hatari.

Walimu, nawaomba mlizingatie jambo moja zaidi. Mvuvi mzima akiuona mto mbaya anaweza kukataa kuingia. Mwanafunzi aliyeamriwa na mwalimu wake apande mtumbwi hawezi. Kwa hiyo ni juu yetu kukataa kwa niaba yake, na kukataa mapema.